Waliohesabiwa Upareni: historia iliyo nyuma ya kadi ya kliniki

SEHEMU YA 1: SWALI LA KLINIKI

 

Kuna swali ambalo sisi manesi wa kliniki ya mama na mtoto tunaulizwa sana: "Nesi, nilipokuwa mjamzito mlinimezesha SP ili kuzuia malaria. Sasa mtoto ameshazaliwa, mdogo hivi, hana hata nguvu. Mbona yeye hapewi?"

Swali zuri kabisa. Watu wengi wanadhani jibu lake lilitoka Geneva au kwenye ofisi fulani Dar es Salaam. Kumbe sehemu kubwa ya jibu ilitafutwa hapa hapa wilayani Same na kwa jirani zetu wa Korogwe, kwa watoto waliobebwa mgongoni na mama zao kwenda chanjo. Na hiyo haikuwa mara ya kwanza kwa Wapare kuhesabiwa, kutolewa damu na kuulizwa maswali ili taifa lijue la kufanya. Tulianza miaka ya 1950.

Kwa hiyo wiki hii nitawaandikia kidogo kidogo, sehemu saba, jinsi serikali na watafiti wanavyoshirikiana kabla nesi hajakupa kidonge au chandarua. Ni historia, lakini inakuhusu wewe na huyo uliyemlaza mapajani.

Sisi Wapare tuna msaragambo. Mfereji ukibomoka au ndiva ikijaa tope, kila mtu anakuja na jembe lake, kazi inakwisha, na maji yanagawanywa kwa zamu. Utafiti wa afya ya jamii nao ni msaragambo wa aina yake. Wizara inaleta zahanati, wahudumu na mamlaka ya kuamua. Watafiti wanaleta ujuzi wa kupima. Wafadhili wanaleta fedha. Na wananchi? Wananchi wanaleta nyumba zao, damu zao na watoto wao.

Swali langu katika sehemu zote saba ni moja: maji yalipopatikana, yaligawanywa vipi?

SEHEMU YA 2: AMANI, KAMPALA NA UBISHI WA WAKUBWA

Ukisimama Same mjini ukatazama kusini-mashariki, ng'ambo ya milima yetu kuna Usambara, na huko Usambara Mashariki kuna mahali panaitwa Amani. Wajerumani walijenga kituo cha utafiti wa kilimo pale mwaka 1902. Baadaye, enzi za Waingereza, kitengo cha malaria cha Afrika Mashariki kilichokuwa Muheza kilihamia Amani. Kikakua kuwa taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki nzima, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Mkuu wake alikuwa daktari Mwingereza aitwaye Bagster Wilson.

Mwaka 1950 wataalamu wa malaria walikutana Kampala, na wakabishana kweli kweli. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimewapa dawa mpya za kuua wadudu, za kupuliza ukutani zikakaa miezi. Wengine wakasema tupulize Afrika yote, malaria iishe. Wengine, Wilson akiwa miongoni mwao, wakasema ngojeni kwanza. Mtoto wa Kiafrika anayeumwa na mbu kila siku anajenga kinga polepole. Akivuka miaka mitano akiwa hai, malaria haimuui kirahisi tena. Sasa ukimwondolea mbu kwa miaka michache halafu fedha ikaisha, mbu watarudi wamkute hana kinga. Je, hutakuwa umemtendea ubaya?

Wenzao wakajibu: na hao watoto wanaokufa kabla ya kufika miaka mitano, tuwaache tu?

Mama zangu, hilo swali si jepesi hata leo. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na hakuna aliyekuwa na takwimu za kutosha za mahali kama kwetu. Mkutano ukamalizika bila ubishi kwisha. Kilichotakiwa ni mahali pa kujaribu: pawe na malaria nyingi, watu wahesabike, na vipimo vifanyike kabla na baada.

Mahali penyewe pakawa tambarare zilizo chini ya milima ya Pare Kusini, pamoja na Taveta upande wa Kenya.

SEHEMU YA 3: MRADI WA PARE-TAVETA

Wenyeji mnajua hali yetu. Huku juu, Mbaga, Chome, Vudee, kuna baridi, mbu ni wachache. Ukishuka upande wa bonde la Mkomazi, maji ya mlimani yanatua kwenye mashamba, kuna joto, kuna madimbwi, na mbu wa malaria wanaona wamefika kwao. Mlima mmoja, hali mbili za malaria. Mtoto wa juu na mtoto wa chini wanatenganishwa na mwendo wa nusu siku kwa miguu, lakini hatari zao hazifanani kabisa.

Mradi wa Malaria wa Pare-Taveta ulianza mwaka 1954, serikali za Tanganyika na Kenya zikishirikiana na taasisi ya Amani. Walichofanya kwanza ndicho ninachotaka mkishike: hawakuanza kupuliza. Walianza kupima. Walichukua damu za watoto na watu wazima kuona wangapi wana vimelea. Walipapasa matumbo ya watoto kutafuta bandama iliyovimba, maana malaria ya mara kwa mara inavimbisha bandama. Walipima wingi wa damu mwilini. Waliandika waliozaliwa na waliokufa. Na mbu nao wakakamatwa majumbani, wakahesabiwa na kutambuliwa mmoja mmoja.

Kwa nini ujisumbue hivyo badala ya kuwasaidia watu haraka? Kwa sababu usipojua ulipoanzia, hutajua umefika wapi. Ni kama kumpima mtoto uzito siku ya kwanza kliniki. Kilo sita peke yake haituambii kitu; tunataka kujua mwezi uliopita alikuwa na kilo ngapi. Ndiyo maana mstari kwenye kadi una maana kuliko namba moja.

Mwaka 1955 wapulizaji wakaanza kupita nyumba kwa nyumba na dawa iitwayo dieldrini, wakipuliza kuta na mapaa kwa ndani. Wakaendelea hivyo, awamu kwa awamu, hadi 1959.

Matokeo yake:

Mbu aitwaye Anopheles funestus, ambaye anapenda kukaa ndani ya nyumba na kumuuma binadamu usiku, alitoweka majumbani. Nafasi yake ikachukuliwa na ndugu yake aitwaye Anopheles rivulorum. Ukiwaangalia kwa macho tu wanafanana, lakini huyu wa pili ana shida zaidi na ng'ombe kuliko watu. Watafiti Gillies na Smith waliandika habari hiyo mwaka 1960, na wanasayansi wa mbu bado wanaitaja mpaka leo.

Mbu wengine wa malaria, wale wa jamii ya gambiae, walipungua lakini hawakwisha.

Watoto waliokutwa na vimelea kwenye damu walipungua sana. Wingi wa damu mwilini uliongezeka. Vifo vya watoto wachanga vilishuka.

Hapo ukubali: watoto wa Kipare na wa Taveta ambao wangekufa, waliishi. Wengine ni bibi na babu zetu.

Lakini malaria haikutokomea. Ilibanwa, haikung'olewa.

SEHEMU YA 4: WAPULIZAJI WALIPOONDOKA

Mwaka 1959 kupuliza kukasimamishwa. Ulikuwa mradi wa majaribio, muda wake ukaisha. Hapa ndipo ile hofu ya Kampala ilirudi mezani: tumewapunguzia kinga, sasa tunaondoka?

Mwanahistoria Mmarekani Melissa Graboyes ameandika kuhusu mwisho huu wa Pare-Taveta, jinsi swali la "tunawadai nini hawa watu sasa?" lilivyokuja mbele ya wakubwa wakati mradi ukifungwa. Ni swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza. Kumbukeni enzi zenyewe. Tamko la Helsinki, ambalo ndilo msingi wa sheria za leo za kulinda watu wanaofanyiwa utafiti wa kitabibu, lilitolewa mwaka 1964. Wapulizaji walikuwa wameshaondoka miaka mitano nyuma. Fomu ya ridhaa unayosomewa leo kabla ya kutolewa damu haikuwepo. Serikali ya kikoloni ikiamua, wapulizaji wanakuja.

Nawapa haki yao katika jambo moja: hawakuondoka moja kwa moja. Kupuliza kulikoma lakini kupima kukaendelea. Miaka ya 1960, Tanganyika ikiwa imeshapata uhuru, watafiti waliendelea kuandika waliozaliwa na waliofariki hadi 1966. Na mwaka 1972 ilichapishwa ripoti ya hali ya malaria miaka 11 baada ya kupuliza kukoma. Kati ya walioiandika alikuwemo Mtanzania, Y. G. Matola. Sasa waliohesabu hawakuwa wageni peke yao.

Walikuta nini? Mambo mawili, na yote mawili yanatuhusu.

La kwanza: malaria ilirudi. Haikurudi kwa siku moja, ilirudi polepole, lakini ilirudi. Dawa ya ukutani inafanya kazi mradi ipo ukutani.

La pili lilishangaza wengi: vifo vya watoto havikurudi pale vilipokuwa mwanzo. Vimelea vimerudi, lakini watoto hawafi kama zamani. Kwa nini? Maelezo yaliyotolewa ni kwamba maisha yalikuwa yamebadilika, na klorokwini ilikuwa imeenea, kwenye zahanati na hata madukani. Mtoto akipata homa, mama ana pa kukimbilia. Ile balaa kubwa waliyoiogopa Kampala haikutokea kwa namna waliyoiwaza, na kilichosaidia kuizuia ni dawa iliyo karibu na mama anayejua kuitumia.

Mimi nikisoma hapo naona funzo moja kubwa kwa wizara yoyote: mradi si huduma. Mradi una tarehe ya kuisha, homa ya mtoto haina. Kinachobaki baada ya mradi ndicho kinachookoa.

Na kuna jambo jingine linalonikera. Ripoti kuu ya mradi ilichapwa Dar es Salaam mwaka 1960, kwa Kiingereza. Wataalamu wa London na Geneva waliisoma. Bibi aliyetoa damu kule tambarare, ambaye ukuta wake ulipulizwa na kitoto chake kupapaswa tumbo, angeisomaje?

(Kwa wanaojiuliza kuhusu ile dawa: dieldrini sasa imepigwa marufuku. Ipo kwenye orodha ya sumu 12 za mwanzo katika Mkataba wa Stockholm wa 2001, kwa sababu inakaa muda mrefu sana kwenye udongo na kwenye miili ya viumbe. Ukisikia mtu anauza dawa ya kupuliza nyumba isiyo na jina wala lebo, usinunue.)

SEHEMU YA 5: WATOTO WA SAME NA KOROGWE

Sasa turudi kwenye swali la SP kwa mtoto.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977. Mwaka 1979 Bunge letu lilipitisha sheria ya kuanzisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na Amani ikawa moja ya vituo vyake. Maana yake ni kwamba mgeni yeyote anayetaka kufanya utafiti wa afya hapa nchini hawezi kujishukia tu kutoka uwanja wa ndege akaanza kuchoma watu sindano. Lazima kuwe na kibali cha maadili. Utafiti mwingi sasa unafanywa na Watanzania wenyewe wakishirikiana na vyuo vya nje.

Mwaka 2001 ilitoka habari njema kutoka Ifakara. Watafiti walikuwa wamewapa watoto wachanga SP mara tatu, siku ile ile ya chanjo: karibu na miezi miwili, mitatu na tisa. Hawakusubiri waugue. Katika mwaka wa kwanza wa maisha, malaria ilipungua kwa asilimia 59, na upungufu mkubwa wa damu ulipungua kwa nusu. Hebu fikiria! Dawa ya bei ndogo, inatolewa na nesi yule yule, siku ile ile, mama haongezi safari. Shirika la Afya Duniani na wafadhili wakavutiwa sana.

Ungekuwa wewe waziri, ungefanya nini? Wengi tungesema anza kesho nchi nzima.

Lakini kulikuwa na tatizo. SP ilikuwa inachoka. Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001 kwa sababu ya usugu wa vimelea na kuweka SP kuwa dawa ya kwanza ya kutibu malaria. Haikupita miaka mingi, SP nayo ikaanza kushindwa, hasa huku kaskazini-mashariki, Tanga na jirani zake. Ndiyo maana kuanzia mwishoni mwa 2006 tukahamia dawa ya mseto tunayoitumia hadi leo. Sasa je, dawa iliyoshindwa kutibu inaweza bado kuzuia?

Hapo ndipo NIMR, KCMC ya Moshi, chuo cha London cha afya na tiba za tropiki na wenzao walipokuja Korogwe na Same. Korogwe ilikuwa na malaria ya wastani na usugu mkubwa wa SP. Same ilikuwa na malaria kidogo. Watoto zaidi ya 2,400 waliingizwa, na mama zao walitoa ridhaa. Kwa kura, kila mtoto aliwekwa kwenye kundi moja kati ya manne: SP, klorproguanili-dapsoni, meflokwini, au kidonge cha mfano kisicho na dawa ndani. Si mama, si nesi, si mtafiti aliyejua mtoto fulani anapata kipi. Inasikika kama ukatili kwa anayepata kidonge kisicho na kitu, najua. Lakini kumbuka wakati ule hakuna aliyejua kama kile chenye dawa kinasaidia. Na mtoto yeyote aliyeugua alitakiwa kupimwa na kutibiwa, awe kundi lolote.

Majibu yalichapishwa mwaka 2009 katika jarida la Lancet.

Korogwe, SP haikuwakinga watoto. Ilikuwa kama hawakupewa kitu. Klorproguanili-dapsoni nayo haikuonyesha kinga ya kuaminika. Meflokwini ilipunguza malaria kwa asilimia 38, lakini watoto walitapika zaidi.

Same, hakuna dawa iliyosaidia. Malaria yenyewe ilikuwa chache mno, kwa hiyo hakukuwa na cha kuzuia.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza SP kwa watoto wachanga, lakini likaweka masharti: iwe ni mahali penye malaria ya kutosha na ambapo usugu haujavuka kiwango fulani. Huku kwetu masharti hayo hayakutimia, na dawa hiyo haikuingizwa kwenye ratiba ya kliniki ya taifa wakati ule.

Kwa hiyo mama, mwanao hapewi SP kwa sababu watoto wa Same na Korogwe walitusaidia kujua kwamba huku ingekuwa kumeza uchungu bure. Tungeanza kwa haraka baada ya habari ya Ifakara, leo tungekuwa tunawapa watoto wetu kidonge kisichowakinga, na wewe ukidhani yuko salama ukalegeza chandarua. Utafiti ukijibu "hapana" watu husema umeshindwa. Sivyo. Hiyo "hapana" ililinda watoto wengi, ila hakuna aliyeipigia vigelegele.

Na wewe mjamzito kwa nini unaendelea kumezeshwa SP? Kwa sababu kwako imepimwa tofauti, na imeonekana bado inasaidia mtoto kuzaliwa na uzito mzuri hata mahali penye usugu. Mwili tofauti, swali tofauti, jibu tofauti. Usiikatae ukipewa kliniki.

SEHEMU YA 6: MNAIKUMBUKA HATI PUNGUZO?

Wenye watoto waliozaliwa kati ya 2004 na 2014 mtacheka hapa. Hati Punguzo! Unapewa karatasi kliniki, unaenda nayo duka linalouza vyandarua, unaongezea hela kidogo, unapata chandarua.

Kabla ya mpango ule kulikuwa na kazi ya Kilombero na Ulanga, miaka ya mwisho ya 1990, ambapo vyandarua vyenye dawa viliuzwa kwa bei nafuu huku watafiti wa Ifakara wakifuatilia nani anaishi na nani anakufa. Watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne waliolala ndani ya vyandarua hivyo walikuwa na nafasi ya kuishi zaidi kwa asilimia 27. Kwa ushahidi huo serikali ikawa na nguvu ya kwenda kwa wafadhili na kusema tunataka nchi nzima.

Lakini angalia walichofanya tofauti na enzi za Pare-Taveta. Wizara haikusubiri miaka mitano ipite ndipo iulize. Iliwaweka Taasisi ya Afya Ifakara na chuo cha London kutathmini mpango huku unaendelea: kuingia kaya kwa kaya, kuuliza nani alipata hati, nani alikwenda nayo dukani, nani aliishia kuiweka kabatini.

Wakaona jambo ambalo nesi yeyote wa kijijini angeweza kuwaambia. Mama maskini alikuwa anapata hati kama wenzake, lakini hakufika dukani. Ile hela ya kuongezea ndiyo iliyomshinda, na duka lenyewe lilikuwa mbali. Karatasi alikuwa nayo, chandarua hana. Baadaye kiasi cha kuongezea kikawekwa kimoja nchi nzima, shilingi 500. Zikafuata kampeni za kugawa vyandarua bure, kwanza kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kisha kwa kaya zote. Hati Punguzo ilisimama mwaka 2014, na siku hizi chandarua unakipata bure kliniki, ukiwa mjamzito na mtoto anapofika chanjo ya surua.

Hiyo ndiyo kazi ya tathmini ikitumika vizuri. Si kuja mwishoni kutoa alama kama mtihani wa darasa la saba. Ni kumshika mkono anayeendesha wakati bado yuko njiani, kumwambia: huku umemwacha mama mmoja nyuma.

Lakini haiwezekani bila wewe kusema ukweli. Mhoji akikuuliza "jana usiku mtoto alilala ndani ya chandarua?" ukajibu ndiyo ili usionekane mzembe, na kumbe chandarua kimefunika vifaranga, wizara itapanga mambo kwa kutumia uongo wako. Sema ukweli, hakuna anayekuja kukukamata.

SEHEMU YA 7: WAKIBISHA HODI KWAKO

Watakuja tena. Pengine ni chanjo mpya, pengine ni vipimo vya sukari kwa wajawazito, pengine ni utapiamlo. Karibuni mnasema, lakini ulizeni pia. Haya ndiyo maswali ambayo mama wa mwaka 1955 hakupata nafasi ya kuyauliza:

Mmetoka wapi, na kibali chenu kiko wapi? Mtafiti wa kweli ana barua, na mtendaji wa kijiji na zahanati wanamjua.

Mtamfanyia nini mtoto wangu hasa? Damu kiasi gani, mara ngapi, dawa gani?

Kuna madhara gani yanayojulikana? Akizidiwa usiku nimpigie nani?

Nikikataa, au nikikubali kisha nikabadili mawazo, huduma yangu ya kawaida kliniki inabaki vile vile? Jibu lazima liwe ndiyo. Likiwa tofauti, nenda kwa mganga mfawidhi au ofisi ya mganga mkuu wa wilaya.

Mkimaliza, kitabaki nini hapa kijijini?

Na matokeo mtatuletea lini, kwa Kiswahili, kwenye mkutano wa kijiji?

Hilo la mwisho msiliache. Kwenye msaragambo aliyelima hukaa mbele maji yanapogawanywa. Majibu ni maji yetu. Siku hizi watafiti wanatakiwa kurudisha matokeo kwa jamii, na wengi wanafanya hivyo, lakini anayeulizwa hurudisha haraka kuliko asiyeulizwa.

Mambo ya kushika leo leo, yasiyosubiri utafiti: Mtoto akipata homa, ndani ya siku hiyo mfikishe zahanati apimwe, usimpe mseto uliobaki wa kaka yake. Mjamzito, hudhuria kliniki mapema, umeze SP kwa ratiba, ulale ndani ya chandarua. Na ninyi wa huku juu mlimani, msijidanganye kwamba malaria ni ya watu wa tambarare. Kwa kuwa tunaumwa na mbu mara chache, kinga yetu ni ndogo. Mtoto wa Chome akienda likizo kwa shangazi Ndungu au Kihurio, aende na chandarua chake, na akirudi na homa mwambie nesi alikotoka.

Ninawapa na kazi ya nyumbani. Aliyezaliwa tambarare mwaka wapulizaji wanaanza, leo ana miaka kama 70. Waliowaona kwa macho wakipuliza wana zaidi ya hiyo, na wanapungua kila mwaka. Kama una bibi au babu wa upande ule, kaa naye umuulize anakumbuka nini: walikuja vipi, waliambiwa nini, kuku na paka walikuwaje, na je, kuna mtu yeyote aliyerudi kuwaeleza walichogundua? Upande wa watafiti umeandikwa kwenye vitabu. Upande wa waliohesabiwa bado uko vichwani mwa wazee wetu. Andika kabla haujapotea, hata kama ni kwenye daftari la mtoto.

Mwisho wa mfululizo huu. Mwenye swali aulize, nitajibu nikitoka zamu.